Je, Wajua? Mkasi Uliozaa Maduka ya Kifahari ya Japani

Mwaka 1673, katika mji wa Edo ambao leo unaitwa Tokyo, aliyetaka kitambaa cha hariri kwa kawaida alinunua jora zima. Tena hakulifuata dukani. Muuzaji alibeba mzigo hadi nyumbani kwa mteja mwenye nafasi, akakaribishwa, akautandaza, akataja bei kwa kumpima mtu usoni, kisha akaandika deni la kulipwa mara mbili kwa mwaka. Asiyekuwa na jina wala nyumba ya maana hakubishiwa hodi.

Mwaka huohuo Mitsui Takatoshi, mfanyabiashara wa Matsusaka aliyekwisha kuvuka miaka 50, alifungua duka dogo la vitambaa akaliita Echigoya. Wateja wake walitakiwa kuja wenyewe. Bei ilikuwa moja kwa kila anayeingia, awe bwana mkubwa au mchuuzi wa samaki, na hakukuwa na maelewano. Malipo yalikuwa taslimu, na kwa kuwa fedha ilirudi papo hapo, hapakuwa na haja ya kupandisha bei ili kufidia wale wasiolipa madeni. Jambo lililowaudhi zaidi wenzake ni mkasi: Takatoshi alikubali kukata jora na kukuuzia kipande unachokihitaji, hata kama ni cha kutengenezea ukosi tu.

Wauzaji wenzake walimtenga na kumbughudhi, hata mwaka 1683 akahamia mtaa wa Surugacho. Mahali hapo ndipo linaposimama leo duka la Mitsukoshi la mtaa wa Nihonbashi, moja ya maduka yenye heshima kubwa kuliko yote Japani. Nimeanza na mkasi kwa sababu naamini ndio unaoeleza sehemu kubwa ya hayo yanayofuata. Watu wakitaja maduka ya kifahari ya Tokyo hufikiria mikoba ya bei ya gari. Lakini chanzo chake ni mtu aliyeamua kwamba hata mwenye fedha kidogo anastahili kipande cha hariri.

Mvua ilipowakuta wateja dukani, Echigoya iliwaazima miavuli yenye nembo ya duka. Mji mzima ukatembea na tangazo lake kichwani.

Anasa iliyovaliwa kwa ndani

Je, wajua kwamba kulikuwa na wakati Japani ambapo tajiri alificha utajiri wake kwenye bitana?

Serikali ya mashogun, watawala wa kijeshi wa zama hizo, ilitoa amri mara kwa mara kuwazuia watu wa mjini wasivae kupita daraja lao. Hariri za fahari, rangi kali, nakshi za dhahabu, vyote viliwekewa mipaka. Wafanyabiashara walikuwa wa daraja la chini kisheria ingawa baadhi yao waliwakopesha fedha hata watawala. Wakafanya nini? Nje walivaa kahawia na kijivu. Mafundi wa rangi wakabuni vivuli vingi vya rangi hizo mbili, hadi ukazuka msemo wa kahawia 48 na kijivu 100. Ndani ya vazi hilo la unyenyekevu wakashona bitana ya hariri iliyochorwa kwa mkono, ambayo hakuna aliyeiona ila mvaaji na yule aliyemvulia koti.

Ladha hiyo waliiita iki, na haijafa. Ukitazama mfuko wa karatasi wa duka ghali la Tokyo, mara nyingi ni wa rangi moja, jina limeandikwa dogo pembeni. Anayejua atajua.

Nalo soko la vitambaa vya Kijapani halikuishia visiwani mwao. Wasomaji wa pwani yetu wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, baadhi ya kanga zilizouzwa Afrika Mashariki zilichapwa viwandani Japani, pamoja na majina yake ya Kiswahili.

Simba wa London waliohamia Nihonbashi

Mwishoni mwa 1904 duka la Mitsui, yaani Echigoya ya zamani, lilibadilisha jina likawa Mitsukoshi, likawaarifu wateja wake kwamba sasa halitauza kitambaa tu. Litauza kila kitu, mfano wa maduka makubwa ya Marekani na Ulaya. Tangazo la gazetini likafuata Januari 1905. Hilo ndilo Wajapani wanalihesabu kuwa depato la kwanza nchini mwao. Neno hilo, depato, walilifupisha kutoka Kiingereza, na hadi leo lina uzito wake: supamaketi ni supamaketi, lakini depato ni mahali pa kuvaa nguo safi kabla ya kwenda.

Mwaka 1914 likafunguliwa jengo jipya la ghorofa lenye lifti na ngazi ya umeme, mojawapo ya ngazi za kwanza za aina hiyo Japani. Mlangoni waliwekwa simba wawili wa shaba nyeusi, waliotengenezwa Uingereza kwa mfano wa wale walio chini ya mnara wa Nelson kule Trafalgar Square. Wakati wa Vita Kuu ya Pili simba hao walichukuliwa pamoja na vyuma vingine vya mjini kwa ajili ya jeshi la majini. Kwa bahati hawakuyeyushwa. Vita vilipokwisha walikutwa wamehifadhiwa kwenye hekalu la Togo, wakarudishwa mlangoni mwao mwaka 1946. Wapo wanaoamini kwamba ukimpanda simba mmojawapo mgongoni bila kuonwa na mtu, haja yako itatimia, na wanafunzi wenye mitihani ndio wanaolishika zaidi jambo hili.

Jina la duka liliingia hata kwenye ramani ya reli. Kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Mitsukoshimae, yaani "mbele ya Mitsukoshi", kilifunguliwa mwaka 1932, na gharama ya kukijenga ililipwa na duka lenyewe.

Viatu mlangoni

Je, wajua kwamba zamani mteja wa depato alivua viatu?

Sakafu zilitandikwa mikeka au mazulia, na kuingia na viatu ulikuwa utovu wa adabu, kama ilivyo nyumbani kwa mtu au msikitini. Ulivikabidhi mlangoni, ukapewa kibao chenye namba. Siku za watu wengi foleni ya viatu ilikuwa kazi ya peke yake. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kuu la Kanto likaangusha na kuchoma sehemu kubwa ya Tokyo, na maduka yalipojengwa upya, depato la Matsuzakaya la Ginza, lililofunguliwa Desemba 1924, likawaruhusu watu kuingia na viatu vyao. Wengine wakafuata.

Linaonekana jambo dogo. Hata hivyo fikiria fundi au mwenye mkokoteni ambaye soksi zake zina matundu. Mlango uliomtaka avue viatu mbele ya umati ulimwambia arudi alikotoka. Baada ya 1924, akapita.

Mlima wa wali na bendera ndogo

Miaka ya 1930 ilianza vibaya. Mdororo wa uchumi uliotoka Marekani ulifika Japani, wakulima wakauza hadi vile vichache walivyokuwa navyo, kazi zikapotea mjini. Desemba 1930 mkuu wa mgahawa wa Mitsukoshi Nihonbashi, Ando Taro, alifikiria chakula cha mtoto peke yake. Sahani moja yenye vitu kidogokidogo anavyovipenda, na katikati wali uliofinyangwa kama mlima Fuji. Juu ya kilele akachomeka bendera ndogo, maana yeye mwenyewe alipenda kupanda milima. Bei ilikuwa seni 30. Karibu karne moja imepita, na mikahawa ya Japani bado inaandaa sahani hiyo kwa watoto, bendera ikiwa palepale.

Kule Osaka kuna kisa ninachokipenda zaidi ya vyote katika historia hii.

Kobayashi Ichizo alikuwa na reli isiyokwenda mahali pa maana. Ilipoanza kazi mwaka 1910 ilipita mashambani. Akanunua ardhi kandokando ya njia, akajenga nyumba, akawauzia watumishi wa ofisini kwa malipo ya kila mwezi. Mwisho mmoja wa reli, Takarazuka, akaanzisha kikundi cha maonyesho cha wasichana pekee ambacho kinavuma hadi leo. Mwisho wa pili, kituo cha Umeda, mwaka 1929 akafungua depato la Hankyu juu ya kituo chenyewe. Kwa hiyo abiria wake walilala katika nyumba alizowauzia, wakasafiri kwa treni yake, wakashukia dukani kwake. Tokyu, Seibu, Kintetsu na kampuni nyingine za reli zilikuja kufuata njia hiyohiyo, ndiyo maana leo ukishuka kituo kikubwa cha Japani mara nyingi unajikuta uko dukani kabla hujaiona barabara.

Mgahawa wa Hankyu ulisifika kwa wali wa mchuzi wa kari. Mdororo ulipokaza, wapo walioshindwa kuununua. Wakabuni mbinu: waliagiza wali mtupu, ambao ulikuja na kachumbari kidogo, wakaumwagia sosi ya chupa iliyowekwa mezani kwa ajili ya wote. Watu wakakiita chakula hicho soraisu, wali na sosi. Wahudumu walilalamika. Viti vinajaa watu wasioacha faida, sosi inakwisha. Kuna waliotaka kupiga marufuku.

Kobayashi alikataa. Akaagiza litoke tangazo kwamba wateja wa wali mtupu wanakaribishwa, na inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alipita mezani akiwaongezea kachumbari. Hoja yake ilikuwa kwamba vijana hawa ni maskini leo, lakini wataoa, watapata watoto, na siku ya mapumziko watakumbuka ni wapi walipokula kwa heshima walipokuwa hawana kitu. Alijua biashara, na hesabu yake ilitimia. Kwangu mimi ni mkasi uleule wa Takatoshi, safari hii ukiwa mezani.

Kwa nini chakula kiko chini na sanaa iko juu?

Wafanyabiashara wa Japani wana maneno mawili yanayohusu maji. La kwanza ni athari ya bafu la mvua: weka juu kabisa ukumbi wa maonyesho, mgahawa na bustani, watu wapande kwa lifti, kisha washuke polepole kama matone, ghorofa baada ya ghorofa, wakinunua njiani. La pili ni athari ya chemchemi: weka chini ya ardhi kitu kitakachowavuta kila siku, nao watabubujika kwenda juu.

Kitu hicho cha chini ni chakula. Wanakiita depachika, yaani ghorofa ya chini ya depato, na Matsuzakaya ya Nagoya inatajwa kuwa ilianza mwaka 1936. Ukishuka unakuta vitumbua vya maharage matamu, samaki wabichi, achari za Kyoto, keki za Kifaransa, majani ya chai ya kila daraja, na wauzaji wanaokunyooshea kipande uonje bila kukudai. Kuna sababu ya kawaida pia: mabomba ya maji na gesi ni rahisi kupeleka chini, na mizigo mizito haihitaji kupandishwa. Vilevile vituo vya treni viko chini, kwa hiyo mtu anayetoka kazini hupita humo akielekea nyumbani.

Juu napo palikuwa na mambo. Mwaka 1931 Matsuya ya Asakusa ilifungua uwanja wa michezo ya watoto kwenye paa lake. Na mwaka 1950, Takashimaya ya Nihonbashi ilimpandisha ndovu mchanga kutoka Thailand kwa winchi hadi kwenye paa. Akapewa jina la Takako. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Wanyama wengi wa bustani za Tokyo walikuwa wameuawa wakati wa vita, na watoto wengi walikuwa wamekua bila kumwona ndovu. Takako akawaburudisha kwa miaka minne. Mwaka 1954 alikuwa amekua mno asiweze kushushwa kwa winchi, basi akateremka kwa miguu, ngazi kwa ngazi, kupitia ndani ya duka, akahamia bustani ya wanyama. Jengo alilolikanyaga lilitangazwa mwaka 2009 kuwa mali muhimu ya urithi wa taifa, la kwanza miongoni mwa majengo ya depato.

Bustani za juu ya paa zilipungua baadaye. Moto wa jengo la Sennichi huko Osaka, Mei 1972, uliua watu 118, na ule wa depato la Taiyo huko Kumamoto mwaka uliofuata ukaua watu 104. Sheria za zimamoto zikakazwa, na paa likawa kwanza mahali pa kukimbilia.

Karatasi inayosema kuliko zawadi

Kila katikati ya mwaka na kila Desemba Wajapani hupelekeana zawadi za shukrani: kwa mwalimu, daktari, bosi, mshenga. Zawadi yenyewe yaweza kuwa mafuta ya kupikia au sabuni. Kinachopima heshima ni karatasi iliyofungiwa, maana mpokeaji akiiona tu hujua ulienda duka gani.

Karatasi ya Mitsukoshi ina maumbo mekundu yasiyo na pembe juu ya weupe. Aliyeichora mwaka 1950 ni msanii Inokuma Genichiro, aliyeona kokoto za ufukwe wa Inubo, mkoa wa Chiba, zilizolainishwa na mawimbi na bado zikabaki imara. Kijana wa idara ya matangazo aliyetumwa kuichukua kazi hiyo ndiye aliyeongeza jina la duka kwa mwandiko wake. Aliitwa Yanase Takashi. Miaka mingi baadaye akawa maarufu nchi nzima kwa kumbuni Anpanman, shujaa wa katuni ambaye kichwa chake ni mkate naye humega kipande ampe mwenye njaa.

Wafungaji wa depato hulaza boksi kwa mshazari, wakaligeuza mara chache tu, karatasi ikatulia kwa kipande kimoja cha gundi. Zawadi ya furaha hukunjwa upande mmoja, ya msiba upande wa pili. Ukikosea, umemwombea bwana harusi mauti.

Na mvua ikianza? Wauzaji walio ndani hawaoni dirisha, kwa hiyo maduka mengi hupiga wimbo maalumu. Mteja anasikia muziki tu. Mfanyakazi anasikia amri: vika mifuko ya karatasi mfuniko wa plastiki, leta vishikio vya miavuli. Tangu Echigoya, mvua haijawahi kuwa tatizo la mteja peke yake.

Tikiti moja kwa mche mmoja

Je, wajua kwamba duka maarufu kwa matunda ghali Tokyo lilianza kama duka la matunda ya bei nafuu? Sembikiya lilifunguliwa mwaka 1834 huko Nihonbashi na bango lake lilitangaza urahisi wa bei. Leo tikiti moja la kijani lenye ngozi ya wavu huuzwa humo kwa zaidi ya yeni 10,000.

Wanaoyaona matikiti hayo hudhani ni kichaa cha matajiri. Mkulima ana maelezo yake. Katika mche mmoja yeye huacha tunda moja tu na kukata mengine yote yakiwa madogo, ili utamu wote uende kwa hilo lililobaki, na huku likikua hulifuta kwa mkono ngozi yake ipendeze. Ni kazi ya miezi. Bei za minada ni jambo jingine. Mei 2019 matikiti mawili ya Yubari yaliuzwa kwa yeni milioni 5, na hapo mnunuzi alinunua kutajwa magazetini. Tunda zuri nalielewa. Mnada ule siwezi kuutetea.

Machache ya haraka

Mgahawa wa kwanza wa McDonald's nchini Japani haukufunguliwa kando ya barabara ya magari, bali ndani ya Mitsukoshi ya Ginza, tarehe 20 Julai 1971.

Jengo la Shibuya 109, lililofunguliwa 1979 na kuwa Makka ya mitindo ya wasichana, limepata jina kwa mchezo wa maneno: kumi ni "to", tisa ni "kyu", na mwenye jengo ni kampuni ya Tokyu.

Wasichana wa lifti, wenye sare, glavu nyeupe na sauti ya kutangaza kila ghorofa, walianza Matsuzakaya ya Ueno mwaka 1929.

Saa kubwa iliyo juu ya jengo la Wako, Ginza, imekuwapo tangu 1932. Baada ya vita jengo hilo lilitwaliwa na Wamarekani likawa duka la wanajeshi wao hadi 1952, na Wajapani wa mji huo wakawa wanaitazama saa yao kutoka nje.

Mshairi aliyeuza chapa, kisha akauza bidhaa zisizo na chapa

Tsutsumi Seiji alikuwa mwana wa tajiri wa reli na ardhi. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Tokyo alijiunga na chama cha kikomunisti. Baadaye akapewa depato la Seibu la Ikebukuro, mtaa uliodharauliwa, akaligeuza kuwa kitovu cha mitindo. Aliwaletea Wajapani majina makubwa ya Paris, dada yake akiwa wakala kule. Mwaka 1973 kundi lake likafungua Parco mtaani Shibuya, na mwaka 1975 jumba la sanaa za kisasa ndani ya duka la Ikebukuro. Usiku aliandika mashairi na riwaya kwa jina la Tsujii Takashi, akashinda tuzo za fasihi.

Mtu huyuhuyu, mwaka 1980, akaanzisha bidhaa 40 zilizoitwa Mujirushi Ryohin, yaani bidhaa njema zisizo na nembo. Dunia inazijua kama Muji. Mojawapo ya zile za mwanzo ilikuwa uyoga wa shiitake uliovunjika. Maduka mengine yaliutupa kwa sababu ya sura. Yeye aliuuza kwa bei ndogo na kueleza wazi kwenye pakiti kwa nini ni rahisi, kwa kuwa mchuzini uyoga mzima na uliovunjika ladha ni moja. Aliona mapema kwamba kuna siku watu watachoka kulipia jina.

Siku hiyo ilichelewa kidogo. Miaka ya mwisho ya 1980 fedha zilimiminika Japani, bei za ardhi na hisa zikapaa, na tarehe 29 Desemba 1989 soko la hisa la Tokyo likafika kilele ambacho halikukivuka tena hadi Februari 2024. Povu lilipopasuka, kundi la Tsutsumi nalo lilivunjwavunjwa kwa madeni. Muji ikabaki.

Majumba mapya

Kizazi kilichofuata hakikujenga depato. Kilijenga mitaa mizima chini ya paa. Roppongi Hills, iliyofunguliwa Aprili 2003, iliichukua kampuni ya Mori miaka 17, kwa sababu wenye haki za ardhi wapatao 400 walipaswa kushawishiwa mmoja baada ya mwingine. Juu kabisa iliwekwa nyumba ya sanaa. Ni ile athari ya bafu la mvua tena.

Mwaka 2006 msanifu majengo Ando Tadao alikamilisha Omotesando Hills mahali palipokuwa na fleti za wafanyakazi wa mjini zilizojengwa mwaka 1927, baada ya tetemeko. Aliogopa kuufunika mtaa, basi akaishusha sehemu kubwa ya jengo lake chini ya ardhi ili lisiishinde miti ya barabarani kwa urefu. Ndani hakuna ghorofa za kawaida. Kuna njia moja inayozunguka kwa mteremko uleule wa barabara iliyo nje, urefu wa mita 700 hivi, kiasi kwamba unatembea dukani kana kwamba hujaacha mtaa. Pembeni akaacha kipande kilichojengwa upya kwa sura ya fleti za zamani.

Na ile Matsuzakaya ya Ginza, ya viatu? Ilifungwa mwaka 2013. Mahali pake likainuka Ginza Six, lililofunguliwa Aprili 2017 likiwa na maduka 241, yakiwemo ya chapa ghali za Ulaya. Hakuna anayekuvua viatu. Ila kati ya kioo, marumaru na walinzi waliovaa suti, nahisi kuna kitu kinachomrudisha tena mtu mwenye soksi zenye matundu. Kinachonifariji ni kwamba paa lake ni bustani ya wazi kwa kila mtu, na chini kabisa kuna ukumbi wa tamthilia ya Noh.

Muuzaji amerudi nyumbani kwa tajiri

Mauzo ya madepato yote ya Japani yalifika kilele mwaka 1991, karibu yeni trilioni 9.7. Mwaka 2020, mwaka wa korona, yalikuwa yeni trilioni 4.2 hivi. Maduka ya yeni 100, majumba makubwa ya pembezoni mwa miji na intaneti yamewachukua wale waliokuja na watoto wao Jumapili.

Waliobaki ni wawili. Wa kwanza ni mtalii, ambaye yeni dhaifu imemfanya anunue mkoba Tokyo kwa bei ndogo kuliko Paris. Mwaka 2024 wageni walikuwa karibu milioni 36.9, rekodi ya wakati huo. Wa pili ni tajiri wa ndani, na kwake yeye depato lina idara iitwayo gaisho. Mfanyakazi wa gaisho humjua mteja kwa miaka, hukumbuka siku za kuzaliwa, hubeba saa na vito na kumpelekea nyumbani, na deni likaandikwa. Ndiyo biashara ileile aliyoivunja Takatoshi mwaka 1673. Isetan ya Shinjuku ilivunja mwaka wa fedha wa 2022 rekodi yake ya mauzo iliyodumu tangu 1991, kwa hiyo kwa hesabu za fedha mambo ni mazuri.

Kwa miji mingine si hivyo. Januari 2020 depato la Onuma huko Yamagata, lililoanza kama duka mwaka 1700, lilifilisika, na Yamagata ikawa mkoa wa kwanza usio na depato. Mwaka huohuo ikafuata Tokushima. Mwaka 2024 zikafuata Shimane na Gifu. Tarehe 31 Agosti 2023 wafanyakazi wa Seibu Ikebukuro, duka lile la Tsutsumi, walifunga milango kwa siku moja kupinga kuuzwa kwa mwajiri wao kwa kampuni ya uwekezaji ya Marekani. Ulikuwa mgomo wa kwanza wa depato Japani baada ya takriban miaka 60, na wapita njia wengi waliwaunga mkono. Siku iliyofuata mauzo yakakamilika.

Ukijaliwa kufika Tokyo, nenda Nihonbashi kabla ya saa nne asubuhi. Simama kati ya simba wawili. Mlango utafunguliwa, nao wauzaji waliojipanga ndani watakuinamia, wewe na kila aliye nyuma yako. Ingia na viatu vyako. Si lazima ununue kitu.